Nusu Chupa ya Tandala

Muuguzi aliyetoka Ipinda alikataa kiti. Akakataa na maji, ingawa midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Alisimama katikati ya chumba cha mitambo, viatu vyake vimejaa vumbi la njia nzima ya kupanda kutoka bondeni, akasema alichokuja kusema.

"Nimekuja kukiona hicho kitu kinachotunyima umeme. Nionyesheni."

Walinzi wawili walimtazama Tusajigwe. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mtego katika Kinu cha Rungwe, na hakuna aliyeruhusiwa kuukaribia mtego bila ridhaa yake. Alikuwa na kila sababu ya kumrudisha mgeni huyo mlangoni kwa maneno mazuri. Lakini siku zile alikuwa halali vizuri, na mtu asiyelala hana nguvu za kutunga maneno mazuri.

"Unaitwa nani, dada?"

"Atupele. Nasimamia jumba la baridi."

"Nifuate."

Wakashuka ngazi za chuma hadi kwenye ukumbi wa chini. Sakafu ilitetemeka kwa mngurumo usiokoma wa mitambo. Katikati ya ukumbi ulisimama mtego, au chupa, kama walivyouita wenyewe: silinda ya chuma yenye kimo cha mtu, imezungukwa na mabomba yaliyoganda barafu nyeupe. Atupele alipoiona barafu ile alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kama aliyejiungua.

"Humu ndani kuna antimata," Tusajigwe alisema. "Huwezi kuiona. Chukua chembe moja ya chumvi uivunjevunje. Kilichomo humu hakifiki kipande kimoja."

"Na kimekula umeme wa wilaya nzima?"

"Wa wiki kadhaa."

Atupele alimgeukia. Tusajigwe akaona hana budi kumweleza, na kumweleza vizuri, kwa kuwa mtu aliyetembea kwenye joto lile alistahili zaidi ya vipeperushi vya wageni.

"Haichimbwi popote. Ikigusa kitu chochote cha dunia hii, hewa, chuma, kidole, vyote viwili vinatoweka na kuacha moto. Kwa hiyo hatuwezi kuitafuta, tunaiumba kwa umeme. Tunazisukuma chembe za protoni hadi zikaribie mwendo wa mwanga, halafu tunazibamiza kwenye bamba la madini. Migongano mingi haizai kitu. Mmoja mmoja, kwa nadra sana, nguvu ya kugongana inageuka kuwa chembe mpya ya antimata. Na hapo napo, haizaliwi peke yake. Inazaliwa na pacha wake wa kawaida, ambaye hatuna haja naye. Nusu ya jasho letu inamwagika palepale."

"Na hiyo nusu nyingine?"

"Inatoka kwa kasi, kila upande, kama nyuki waliotiwa moshi. Nyingi zinagonga kuta kabla hatujazituliza. Tunazonasa ni chache mno. Tukishazinasa hatuwezi kuziweka kwenye chombo, maana chombo nacho ni kitu. Tunazining'iniza katikati ya utupu kwa sumaku, na sumaku zenyewe lazima ziwe baridi kuliko usiku wa mwezini, mchana na usiku, bila kupumzika hata kidogo."

"Kwa hiyo umeme wenyewe unaishia wapi?"

Tusajigwe alisita. "Karibu wote unakuwa joto."

Atupele akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibaya, cha mtu aliyechoka kulia. "Watu wangu wanakufa kwa joto," alisema, "nanyi mnachukua umeme wao mkatengeneze joto."

Tangu tetemeko la ardhi lizibe nusu ya visima vya mvuke, umeme uliobaki haukutosha kuendesha kinu na majumba ya baridi ya Kyela kwa pamoja. Mkurugenzi alikuwa ameamua kinu kitangulie. Wiki mbili, alisema, chupa ijae, kisha watu watarudishiwa umeme wao.

"Mnampelekea nani?" Atupele aliuliza.

"Chombo cha angani kinachoitwa Tandala. Kinarudi kutoka kwenye miezi ya Zohali kikiwa na watu saba. Chupa yao ilivuja. Mafuta wanayo tele, ila hawana cha kuyawashia, ni kama jiko limejaa kuni na kiberiti hakuna. Bila kuwasha injini hawawezi kupunguza mwendo. Watatupita hapa, tutawaona kwa darubini, nao watazidi kwenda. Hawatasimama popote." "Mdogo wangu Ambokile yumo."

Kwa mara ya kwanza sura ya Atupele ililegea. Alikitazama kibarafu kilichokuwa kikidondoka kutoka kwenye bomba.

"Pole," alisema, na alimaanisha. "Mimi nimekuja kukiona chako. Wewe nawe njoo Ipinda ukione changu."

*

Jumba la baridi lilijengwa miaka ile joto la mwambao wa ziwa lilipoanza kuua watu mchana kweupe. Lilikuwa ghala kubwa lenye kuta nene, na msimu wa joto ulipofika, wazee, wajawazito na watoto wachanga walilala humo hadi jua lishuke. Sasa feni zilining'inia darini zimetulia kama popo.

Tusajigwe aliingia, na hewa ikamkaba. Haikuwa joto tu. Ilikuwa na unyevu wa ziwa, nzito kama shuka lililoloweshwa, kiasi kwamba jasho lilitoka mwilini likakataa kukauka. Na jasho lisipokauka, mwili hauna njia nyingine ya kujipoza. Hilo alilijua kwa vitabu. Vitabu havikumwambia habari za harufu, wala ukimya wa watoto ambao walipaswa kuwa wanalia.

Atupele hakumtembeza. Alimpa kipande cha boksi, akamwonyesha mzee aliyelala kwenye mkeka. "Mpepee huyu. Mwalimu Mwangoka. Amefundisha nusu ya Ipinda jiografia."

Tusajigwe akapiga magoti, akapepea. Mzee alifumbua macho.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Mwakalinga, mwalimu. Wa Tukuyu."

"Tukuyu kuna baridi," mzee alisema, kama mtu anayemsifu mwanafunzi kwa jibu sahihi. Kisha akafumba macho.

Kando yao msichana mmoja alikuwa amempakata mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa chenye maji. Kila mara alikikamua, akakichovya ndooni, akamfunga tena. Maji ya ndooni yenyewe yalikuwa vuguvugu. Alimwona Tusajigwe na beji yake ya kinu, akamuuliza kwa sauti ya heshima, bila hasira hata chembe, "Samahani dada, umeme unarudi lini?"

Lau angemtukana, ingekuwa nafuu.

"Sijui," Tusajigwe alisema. Alikuwa anajua.

Aliendelea kupepea mpaka mkono ukafa ganzi. Akahamisha mkono, akapepea tena. Hatimaye Atupele akaja, akainama, akamwekea mzee vidole shingoni, akavitoa taratibu. Akamshika Tusajigwe kifundo cha mkono.

"Inatosha. Huyu ameshakwenda." Akamwelekeza kwenye mkeka uliofuata. "Mpepee yule."

*

Mkurugenzi wa kinu, Dokta Mwaipaja, hakuwa mtu katili. Tusajigwe alitamani angekuwa katili, kazi ingekuwa nyepesi. Alimsikiliza hadi mwisho, ameushika uso kwa viganja viwili.

"Nikizima mashine, sumaku kubwa zinapata joto," alisema. "Kuzipoza upya ni wiki na wiki. Chombo cha kubeba chupa lazima kiruke mwezi huu huu, la sivyo hakitaufikia mwendo wa Tandala. Wale saba, Tusajigwe, nina hakika watakufa. Huko chini sina hakika. Upepo unaweza kugeuka kesho. Mvua inaweza kunyesha."

"Nimetoka huko, Mkurugenzi. Hakika ipo. Imelazwa kwenye mikeka."

"Rudi kazini kwako, tafadhali."

Akarudi. Katika chumba cha mitambo alimkuta Lusekelo, fundi wa sumaku, mtu waliyeanza kazi pamoja siku moja. Alikuwa amekaa peke yake, vipaza sauti vya masikioni vikining'inia shingoni. Mkewe, Sekela, alikuwa daktari wa Tandala.

"Kuna ujumbe wako," Lusekelo alisema bila kumtazama. "Umechukua karibu saa nzima kufika. Samahani, nimeusikia. Ulifunguka wenyewe."

Sauti ya Ambokile ilikwaruza kidogo, lakini ilikuwa yake, ile ya kitinda mimba aliyezoea kuombewa msamaha na dada yake.

"Dada, kamanda ameturekodisha salamu za kutangazwa huko nyumbani. Utasikia nasema kwamba tuko imara, na kwamba lolote litakalotokea tumeridhika. Usinisikilize. Niliandikiwa yale. Dada, naogopa. Naogopa mpaka nashindwa kula. Tukipita dunia tutakuwa tunaiona kwa nyuma ikiwa inapungua, na hewa tunayo ya miezi. Miezi, dada, ya kukaa tunatazamana. Sitaki kufa. Najua ni wewe uliye kwenye mtego, na najua ukisema utajaza, utajaza. Usiniache. Hapo tu. Usiniache."

Mngurumo wa mashine uliendelea chini ya sakafu.

"Chupa imefika wapi?" Tusajigwe aliuliza, ingawa kipimo kilikuwa mbele ya macho yake.

"Imevuka nusu kidogo."

"Nusu inaweza kusimamisha nini?"

Lusekelo aligeuka polepole. Alikuwa ameshapiga hesabu hiyo. Ilionekana usoni mwake kwamba aliipiga zamani, akaificha. "Kichwa cha chombo peke yake. Wakikitenga na mwili, kinaweza kufunga breki."

"Kinachukua watu wangapi?"

"Unajua."

"Nataka nisikie kwako."

"Wanne," Lusekelo alisema. "Viti vinne, hewa ya wanne. Usiniulize zaidi, Tusa. Zimebaki siku kumi tu. Baada ya hapo wote saba wanarudi, nasi tutakwenda Ipinda tukaombe msamaha kwa magoti."

"Tutamwomba nani?"

Tusajigwe aliinuka, akaiendea meza yake. Hakuwa na uwezo wa kuzima mashine kubwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Mkurugenzi. Lakini mlango wa mtego ulikuwa wake. Ukifungwa, chembe zinazokuja hazina pa kuingia, na mashine, kwa usalama wake yenyewe, hujizima. Ilihitaji mzungusho mmoja wa mkono.

Lusekelo alimdaka kabla vidole havijagusa.

"Sekela yumo," alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakujishughulisha kuyafuta. "Umekula kwake. Amekuuguza. Sekela yumo!"

"Na Ambokile yumo."

"Basi unamuua mdogo wako kwa mkono wako?"

"Sijui, Lusekelo. Huenda ndiyo. Wewe una nguvu kuliko mimi, ukiushikilia mkono huu siwezi kuutoa. Lakini nikiketi hapa, kila saa nitakuwa nachukua pumzi ya mtu kule bondeni na kuitia ndani ya chupa. Mmoja amekata roho mbele yangu. Nilikuwa nampepea. Siwezi kumtazama Ambokile kwa macho hayahaya halafu nimwambie zilitoka wapi siku zake."

Walisimama hivyo, wameshikana, muda ambao hakuna kati yao aliyeweza kuukadiria baadaye. Lusekelo ndiye aliyelegea. Hakumruhusu, wala hakumsaidia. Vidole vyake vilichoka tu, kimoja kimoja, kama vya mtu anayeachia kamba kisimani. Akageuka ukutani, akajifunika uso.

Tusajigwe akaufunga mlango.

Mngurumo waliouzoea kwa miaka ulishuka, ukashuka, ukakatika. Masikio yake yalivuma kwa utupu. Aliisikia pampu ndogo ya chupa ikiendelea na kazi yake, ikikilinda kile kidogo kilichokuwemo, na aliusikia mlio wa Lusekelo, mlio wa chini kabisa, kama wa mnyama.

Kisha zikaja hatua za watu wakikimbia kwenye ngazi.

*

Hawakumweka rumande mara moja, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kuihamisha chupa. Aliisindikiza mwenyewe mpaka ilipokabidhiwa kwenye chombo cha kubeba, akiwa na askari kila upande. Kabla ya hapo aliomba dakika chache kwenye mtambo wa mawasiliano, wakampa.

"Ambokile," alisema, "watawaambia kwamba ni hitilafu. Si hitilafu. Ni mimi niliyefunga. Nimekutumia nusu. Nilikusikia, mdogo wangu, neno kwa neno, na bado nilifunga. Sikuombi unielewe. Nakuomba ujue ni nani."

Hakupata jibu kutoka kwake. Siku zikapita, wiki zikapita, kesi yake ikapangiwa tarehe, akarudishwa Tukuyu kukaa nyumbani kwa mama yake chini ya ulinzi. Mama aliweka chakula mezani, akakaa mkabala naye, akatazama kwingine.

Asubuhi moja Lusekelo alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile.

"Chupa imefika," alisema. "Kamanda alikataa kuchagua. Walipiga kura, na yeye mwenyewe aliingia kwenye kura. Kichwa kimeshatengana na kimefunga breki. Ambokile yumo ndani."

Tusajigwe alikaa palepale kizingitini, akalia kwa furaha. Ilikuwa furaha kweli, ya mwili mzima, isiyo na haya, naye aliisikia ikimtoka kwa sauti huku akijua ni nani aliyesimama mbele yake. Alipoweza kuinua uso, aliuliza kwa woga.

"Na Sekela?"

Lusekelo akatikisa kichwa.

"Wako watatu kwenye mwili wa chombo. Wameshaipita dunia, na hakuna kitu chenye mwendo wa kuwafikia tena. Lakini mawasiliano yapo bado, na hewa ipo." "Amekuuliza. Anataka kusema nawe. Nimeomba ruhusa kwa askari, wamekubali."

Mama yake Tusajigwe, aliyekuwa amesimama nyuma, akamvika kanga mabegani.

Katika chumba cha mawasiliano sauti ya Sekela ilikuwa imeshafika, inawasubiri. Ilikuwa tulivu, na uchovu wake ulisikika.

"Tusajigwe, sitaki uniombe msamaha, kwa sababu sina uhakika kama ninao wa kukupa. Siku nyingine nakuchukia mpaka nasikia kichefuchefu. Siku nyingine najiuliza ningefanya nini mimi, nikiwa daktari, kwenye lile jumba. Lusekelo ameniambia mambo ya lile jumba lakini hajafika huko. Niambie ni akina nani. Nina muda, nataka kuwajua. Kama siwezi kurudi, basi nijue ni kwa ajili ya nani."

Tusajigwe akakamata kipaza sauti. Akafungua mdomo. Akagundua kwamba alilijua jina la mtu mmoja tu, naye alikuwa marehemu.

"Siwajui," alimwambia Lusekelo, na aibu ikamwingia hadi kwenye mifupa. "Siwajui majina."

Lusekelo akachukua funguo za gari.

Walikwenda wote wawili, na askari kiti cha nyuma. Atupele aliwasikiliza akiwa amesimama kwenye kivuli cha jumba, nyuma yake feni zikizunguka. Aliingia ndani, akatoka na watu aliowaweza kwa siku hiyo, na kesho yake akaleta wengine. Walipanda mlima kwa gari la kinu, wakaingia kwenye chumba cha mawasiliano mmoja baada ya mwingine wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani. Lusekelo ndiye aliyewashikia kipaza sauti. Hakukubali mwingine akishike.

Mvulana wa sekondari aliimba. Mwanamke mmoja aliyejifungua pacha siku tatu baada ya umeme kurudi alitaja majina yao, kisha akashindwa kuendelea. Bibi mmoja, Tabu Mwasomola, alikataa kushukuru. "Mimi sikukuomba ufe, mwanangu," alisema kwa ukali, akitazama kile kidude mkononi mwa Lusekelo kama vile Sekela alikuwa ndani yake. "Nisingekuomba kamwe. Sasa nitakula nini kikashuka?" Akakaa chini, akagoma kuondoka mpaka jibu lirudi. Safari ya maneno kwenda na kurudi ilikuwa imefika nusu saa sasa, na kila siku ilirefuka. Jibu liliporudi lilikuwa fupi: "Kula wali, bibi. Wa Kyela, wenye harufu. Ule na sehemu yangu."

Tusajigwe alisimama nyuma ya chumba muda wote huo, karibu na askari wake. Hakuitwa mbele na hakujipeleka.

Wa mwisho siku ile alikuwa yule msichana wa kitambaa chenye maji. Mtoto alikuwa amenenepa. Mama yake alijaribu kuanza salamu aliyoiandaa njiani, lakini mtoto akaangua kilio, akapiga mateke, akaushinda ujumbe wote, na mwishowe kilichokwenda angani kilikuwa kelele zake tu. Msichana aliomba radhi. Lusekelo alimwambia asijali.

Wakangoja. Jua lilisogea kwenye sakafu. Kisha sauti ya Sekela ikaja, na safari hii ndani yake mlikuwa na kitu kinachokaribia kicheko.

"Huyo analia nini?"

Lusekelo akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Njaa," alisema. "Ana njaa tu, mke wangu."

Akabonyeza kutuma. Mtoto alikuwa ameshanyonya, amelala begani kwa mama yake, na neno lile lilikuwa na safari ndefu mbele yake.